Mshenga wa Inzi Weupe

"Wataalamu wa kilimo waliokutana katika hoteli moja kubwa," alisema mtangazaji wa redio, aliyekuwa na mafua makali siku hiyo, "wamethibitisha kwamba inzi weupe, wale wanaoshambulia nyanya, mihogo na pamba, sasa wamekuwa sugu. Dawa nyingi zilizokuwa zikiwaua haziwaui tena. Wataalamu hao wamekubaliana kukutana tena."

Hapo mtangazaji akapiga chafya, na Fundi Mawimbi akapunguza sauti. Redio yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mteja aliyeileta kwa sababu ilikuwa haikamati stesheni. Ilipopona, Mawimbi aliona ni vizuri aendelee kuiangalia kwa karibu, asije akaambiwa amefanya kazi ya haraka haraka. Banda lake la kutengeneza redio na simu lilikuwa na benchi nje, chini ya kipande cha bati, na benchi hilo ndilo lililokuwa kijiwe.

"Wamekubaliana kukutana tena!" alisema Dada Buli, muuza kahawa, huku akifuta vikombe. "Na inzi nao wamekubaliana hivyohivyo. Ila wao hawalipwi posho."

"Nani kakwambia hawalipwi?" Tani Kumi alidakia. "Nyanya za watu ni nini kama si posho?" Huyu Tani Kumi alikuwa mpakiaji wa malori, mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma kwa nguvu wenzake humshika shati. Jina alijipa mwenyewe.

"Tuanze na tafsiri," alisema Wakili. Wakili alikuwa kinyozi. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja, akatoe ushahidi wa kuibiwa kioo, na tangu siku hiyo hajawahi kuzungumza tena kama mtu wa kawaida. "Sugu maana yake nini? Sugu ni mtu aliyehukumiwa akafungwa, akatoka, akarudia. Sasa nauliza kijiwe hiki: hao inzi walifungwa lini?"

Kabla hajajibiwa, akatokea Bomba.

Alikuwa anakuja na njia, mtungi wa kupulizia dawa mgongoni, kichwa ameinamisha, viatu vinaburuza vumbi. Kazi yake ilikuwa kupulizia dawa mashamba na bustani za watu, na mtungi ule aliuvaa siku nyingi hata watu wakasahau jina lake la kuzaliwa. Hata siku ya harusi yake mshereheshaji alitangaza, "Bwana harusi Bomba anaingia," na hakuna aliyecheka isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama wa bibi harusi, na hakucheka kwa furaha.

Bomba akaketi bila kuuvua mtungi. Benchi likalia kwii.

"Kaondoka," alisema.

"Nani?"

"Mke wangu. Asubuhi hii hii. Kaenda kwa mama yake."

"Kachukua nini?" aliuliza Dada Buli, mtu wa kwenda kwenye kiini cha jambo.

"Mto wake."

"Mto tu ni hasira. Zitapita."

"Na sufuria kubwa."

Mawimbi akaizima redio kabisa, kwa heshima.

"Mto na sufuria kubwa," Dada Buli alisema taratibu, akimwekea kahawa bila kuulizwa. "Pole sana, kaka yangu. Hiyo sasa ni talaka."

Bomba akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mabega yake yalivyozidi kuzama kwenye mikanda ya mtungi. Mama mkwe wake alikuwa na shamba la nyanya bondeni, matuta marefu yaliyonyooka, shamba la kujivunia. Inzi weupe wakaingia. Bomba, kama mkwe mwema, akaenda kupulizia bure. Inzi wakaongezeka. Akarudi na dawa nyingine. Wakaongezeka zaidi. Akarudi na ya tatu, iliyochorwa mafuvu mawili badala ya moja, na sasa ukigusa jani linainuka wingu jeupe kama mtu amekung'uta mfuko wa unga, kisha wingu linatua palepale. Majani yamejikunja na kuwa ya njano. Majirani wa shamba wakaanza kumnong'oneza mama: huyo mkwe wako anauza dawa mjini, kwako anapulizia maji yaliyotiwa maziwa ili yaonekane meupe.

"Jana kaniita," Bomba alisema. "Kaniambia, 'Ama inzi wahame shambani kwangu, ama wewe uhame kwa binti yangu. Nakupa mpaka siku ya soko la mwisho wa mwezi.'"

"Hukumu ina kasoro," alisema Wakili. "Inzi hawakupewa barua ya kuhama."

"Lakini subiri kwanza!" Mawimbi aliruka. "Bomba, wewe umeokoka! Redio imesema sasa hivi! Inzi wamekuwa sugu! Dawa haziwaui! Imetangazwa dunia nzima!"

Bomba akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Redio imesema?"

"Wataalamu wenyewe! Hotelini!"

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe! Ni wao!"

Tangu asubuhi Bomba alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe, akijiuliza kama kweli labda aliwahi kutia maziwa akasahau. Akavua mtungi, akauweka chini, akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza ulimi, wala hakujali.

"Mimi ninachotaka kujua," alisema Tani Kumi, "ni wanafanyaje. Mtu anamwagiwa sumu kichwani, hafi. Anafanyaje?"

"Wanaziba pumzi," alisema Mawimbi. "Wakisikia ule mlio wa bomba, fyaaa, fyaaa, wanavuta hewa, wanaihifadhi. Bomba akimaliza, wanaachia."

"Siyo," alisema Bomba, ambaye sasa alikuwa amepata nguvu ya kubisha. "Ningewaona wamevimba mashavu. Wale hawana hata wasiwasi. Nikifika wanakaa tu chini ya majani, wamejipanga kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi."

"Kwangu hawasubiri," Wakili alisema kwa uchungu. "Kwangu hawaji kabisa."

"Basi wameizoea," alisema Tani Kumi. "Kama mimi nilivyozoea kelele za mke wangu. Mwanzo nilikuwa naumwa kichwa. Sasa akipaza sauti ndipo napata usingizi."

"Ongeza dawa!" Mawimbi alipendekeza. "Mara mbili!"

"Nimeongeza."

"Mara tatu!"

"Majani yaliungua. Inzi wakahamia tuta la pili, wakaniangalia kutoka kule."

Tani Kumi akasimama, macho yanamwaka. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata jibu la maisha. "Sikilizeni. Inzi anakula nini? Nyanya. Sasa, tukiiua nyanya yenyewe, tukang'oa shamba zima, tukachoma moto, inzi watakula nini? Watakufa njaa! Mama mkwe atakuwa hana inzi hata mmoja."

"Na atakuwa hana nyanya," alisema Dada Buli.

"Aliomba nyanya au aliomba inzi wahame?"

Wakili akatikisa kichwa kwa heshima. "Kisheria yuko sahihi."

Bomba alikuwa amefungua mdomo amwambie Tani Kumi kwamba ushauri huo akaupeleke mwenyewe bondeni, akaona uso wa Tani Kumi umebadilika. Kisha Wakili akashusha mguu aliokuwa ameupandisha kwenye benchi. Kisha Mawimbi akaanza kufungua redio ambayo haikuwa na tatizo lolote. Bomba hakuhitaji kugeuka.

"Shikamoo, mama," wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba," ilijibu sauti nyuma yake.

Kijiwe kizima kilimwita Mama Mkwe, ingawa alikuwa mkwe wa mtu mmoja tu. Woga juu yake ulikuwa mali ya wote. Alikuwa mama mfupi, mpana, aliyeozesha mabinti wengi na kuwapima wakwe zake kama mtu anavyopima tikiti maji: kwa kuwagonga. Mkononi alishika mfuko mkubwa wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na mche mzima wa nyanya, uliong'olewa na mizizi yake na udongo.

"Mkwe wangu," alisema, "nimekuletea wageni wako." Akaufungua mfuko.

Wingu jeupe likatoka, likaelea juu ya benchi, likatua: kwenye shati la Tani Kumi, kwenye redio ya mteja, kwenye kipara cha Wakili, ambaye kwa kinyozi alikuwa na kichwa kisichomtangaza vizuri.

"Mama," Bomba alianza, "hawa inzi wametangazwa redioni. Wamekuwa sugu. Si mimi. Hawa hapa ni mashahidi wangu."

Mama Mkwe akawatazama mashahidi mmoja mmoja. Mashahidi wakatazama chini.

"Hawa?"

"Mheshimiwa," Wakili alisema, na lazima tumpe haki yake, ulihitajika ujasiri kufungua mdomo wakati ule, "naomba jambo hili liamuliwe kwa ushahidi. Mkweo anatuhumiwa kupulizia maji. Dawa iko hapa, inzi wako hapa. Tuwaweke pamoja tuone."

Mama Mkwe akafikiri. "Sawa," alisema, akaketi katikati ya benchi. Wengine wote wakajikuta wamesimama.

Dada Buli akatoa chupa ya jemu aliyokuwa akitunzia tangawizi. Mawimbi, mwenye vidole vyepesi kwa kazi ya kushika waya nyembamba, akakata tawi lenye inzi, akaliingiza chupani bila kutoroka hata mmoja. Wakaona haitoshi, Tani Kumi akasema ili kesi iwe ya haki lazima wawemo na wadudu wengine, wasio na hatia. Wakaongezwa inzi wa kawaida aliyekuwa anazungukia sukari, sisimizi aliyekuwa anapita na shughuli zake, na buibui wa banda la Mawimbi ambaye Mawimbi alimtoa kwa uchungu, maana walikuwa wamezoeana.

"Washtakiwa," Wakili alisema, ameinama mbele ya chupa, "mnashtakiwa kwa kukaa chini ya jani la mtu bila kibali, kunyonya, na kuzaa hadharani. Mnakubali au mnakataa?"

Inzi hawakusema kitu.

"Wamenyamaza. Andika wamekataa."

"Nani aandike?" aliuliza Tani Kumi.

"Basi kumbuka wamekataa."

Bomba akajifunga kitambaa puani, akaingiza ncha ya bomba kwenye mdomo wa chupa, akapiga: fyaaa. Mawimbi akafunika haraka. Wote wakainama kuangalia, vichwa vinagongana. Bomba alijua kwamba inzi wale wakifa, dawa ni nzima lakini yeye ndiye aliyepulizia maji shambani. Wasipokufa, yeye ni mkweli lakini kazi yake haina maana. Hakuwa na pa kutokea. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwaombea inzi uzima, lakini pale, mbele ya chupa ya tangawizi, aliwaombea.

Inzi wa kawaida akaanguka chali, akapiga miguu, akakata kauli. Sisimizi akazunguka kidogo kama mlevi anayetafuta mlango, akalala. Buibui akajikunja. Mawimbi akageuka pembeni akafuta macho.

Inzi weupe wakapangusa mabawa. Mmoja akatembea juu ya mwili wa inzi wa kawaida, akatulia hapo, akastarehe.

"Ngoja nisikilize kama wanapumua," Wakili alisema, na kabla hajazuiwa akafungua kifuniko, akasogeza uso.

Ikawa ndiyo ajali ya siku. Alipiga chafya mpaka miwani ikaruka barabarani, macho yakawa kama pilipili, akakohoa, akakimbizwa bombani kwa majirani, Dada Buli akamwosha uso kwa maji mengi na sabuni, akimwambia kwamba hata mtoto wa chekechea anajua sumu haisogezewi pua. Waliporudi, Wakili amelowa hadi kiunoni, inzi weupe walikuwa bado wazima chupani.

"Waliokufa," Tani Kumi alitangaza, "ni watatu wasiohusika. Nusura wa nne awe hakimu."

"Dawa ni dawa," Mama Mkwe alisema. "Nimeona. Mkwe wangu hukutia maji."

Bomba alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia mama mkwe wake, jambo ambalo halifanyiki. Akasema tu, "Asante, mama."

"Usinishukuru, sijamaliza." Akamwonyesha aketi. Hapakuwa na nafasi, Bomba akachuchumaa. "Nijibu. Mara ya kwanza kabisa ulipopulizia dawa, miaka ile, walikufa?"

"Walikufa, mama! Ardhi ilikuwa nyeupe!"

"Wote?"

"Karibu wote. Walibaki wachache."

"Hao wachache hawakudhurika?"

"Hawakudhurika. Sikuwajali. Wachache wale."

"Ukaenda zako."

"Nikaenda zangu."

"Nao wakabaki na shamba zima peke yao. Chakula chao, nyumba yao, hakuna wa kugombana naye. Sasa mimi nimeozesha mabinti, najua mambo haya. Hao waliobaki walioana na nani?"

Kijiwe kikafikiri.

"Wao kwa wao," alisema Dada Buli. "Si ndio waliokuwepo?"

"Na watoto wakafanana na nani?"

"Baba na mama," alisema Mawimbi.

"Wote wawili hawajali dawa," alisema Mama Mkwe.

"Halafu Bomba akarudi tena," Dada Buli aliendelea, sauti yake inapanda kama mtu anayeona ajali inakuja, "akawaondoa wale dhaifu waliokuwa wamesalia..."

"Akawabakiza walio imara zaidi..." Mawimbi alidakia.

"Wakaoana tena!"

"Ehee!" Tani Kumi alipiga kofi, inzi wakaruka kwenye shati lake. "Kumbe Bomba si muuaji! Bomba ni mshenga! Anazunguka nyumba kwa nyumba anawachagulia wachumba! Huyu hakufai, huyu mgonjwa, mchukue huyu hapa, ana afya, hana wasiwasi, hafi!"

Wakacheka mpaka Mawimbi akashika nguzo. Wakili, macho mekundu, alicheka akakohoa, akakohoa akacheka. Bomba peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mtungi wake. Miaka yote aliyoubeba, mikanda imemchora alama mabegani, alijiona kama askari. Akiingia shambani alitembea kwa maringo, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyetumwa kuleta amani. Na kumbe alikuwa anapitisha posa.

"Lakini nilibadilisha dawa, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilianza na Radi. Nikaja Kiama. Hii ya juzi ni Kwaheri."

"Washa hiyo redio," Mama Mkwe alimwambia Mawimbi. "Ilisema nini kingine?"

Wakatazamana. Ndipo ikabainika kwamba hakuna aliyejua, kwa kuwa walipopunguza sauti, mtangazaji alikuwa bado hajamaliza kupiga chafya. Bahati nzuri kipindi cha kilimo kilirudiwa mchana huohuo. Mama Mkwe aliwaambia wanyamaze, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile watu wazima watano walisikiliza habari nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tani Kumi alisema baadaye kwamba ilimchosha kuliko kupakia mbao.

Mtangazaji, pua imeziba, alisema dawa zenye majina tofauti mara nyingi huwa na sumu ya aina moja ndani. Bomba akatoa vichupa vyake vitatu mkobani, akavigeuza, akasoma yale maandishi ya nyuma ambayo hajawahi kuyajali kwa sababu ni madogo. Radi, Kiama na Kwaheri walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walitofautiana shati tu.

Mtangazaji akaendelea. Ukipulizia ovyo unaua pia walinzi wa shamba, buibui na wale wadudu wekundu wenye madoadoa meusi mgongoni, ambao kazi yao ni kula hao inzi. Hapo Mawimbi aliangalia chupa, akaguna. Miche iliyougua ing'olewe. Majani yaoshwe kwa maji ya sabuni, upande wa chini, maana ndiko wanakokaa. Inzi weupe wanapenda rangi ya njano kupita kiasi. Pakaa grisi kwenye kitu cha njano, kisimamishe shambani, watakuja wenyewe wanase. Ikilazimu kutumia dawa, iwe ya aina nyingine kabisa, kwa zamu, kwa ushauri, na siyo kila wiki kama sala.

"Upande wa chini," Mama Mkwe alirudia. "Wa kila jani." Akainuka, akajipangusa. "Mkwe wangu, huo mtungi uache hapa. Kesho asubuhi njoo na ndoo na kitambaa. Siku ya soko iko palepale."

Bomba alikwenda. Alipofika bondeni alimkuta mkewe amechuchumaa kwenye tuta la kwanza, kanga ameifunga kiunoni, anageuza majani na kuyapangusa moja moja kama mtu anayeosha masikio ya mtoto. Mto ulikuwa kivulini. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga, inachemsha maji.

Bomba akachukua upande wa pili wa tuta. Wakafanya kazi muda mrefu, mmoja huku, mmoja kule, majani katikati.

"Kijiweni wanasema ukibeba sufuria kubwa ni talaka," hatimaye alisema.

Mkewe akachungulia kati ya majani. "Sufuria ya mama imetoboka."

"Na mto?"

"Mito ya mama ni migumu. Wewe uliwahi kulala kwa mama?" Akarudi kwenye jani lake. "Lakini ungechelewa kuja, ningefikiria hilo la talaka. Umeruka jani hapo."

Kazi ile ilikuwa ya kuvunja mgongo. Waling'oa miche yote iliyokunjamana wakaichoma mbali, na Mama Mkwe aligeuka pembeni wakati inaungua. Fundi Mawimbi alitoa dumu la njano, Dada Buli akatoa beseni la njano lililopasuka, Wakili akatoa fulana ya njano aliyozawadiwa wakati wa kampeni na chama kilichoshindwa. Bomba akavipaka grisi vyote akavisimamisha juu ya vijiti. Kufikia jioni ile fulana ilikuwa imegeuka nyeupe kwa inzi walionasa, na Wakili aliposikia alisema ni mara ya kwanza chama kile kukusanya watu.

Tusidanganyane, inzi hawakuisha. Inzi weupe hawaishi. Lakini walipungua hata ukitikisa mche huoni tena wingu, unaona wachache tu wanaosumbuliwa usingizi. Majani mapya yakatoka yamenyooka. Na asubuhi moja mkewe alimwita kwa sauti ya kunong'ona, akamwonyesha mdudu mwekundu mwenye madoadoa akitembea kwenye jani kwa hatua za mwenye nyumba aliyerudi safari, na Bomba alisimama akamtazama, mikono inadondosha povu, akaona aibu kidogo, akamwambia, "Karibu."

Siku ya soko ilipofika, Mama Mkwe alikuja kijiweni na bakuli la nyanya. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa nyekundu, ngumu, zinang'aa. Akamkabidhi Bomba mbele ya watu, kwa mikono miwili.

"Kwa mkwe wangu," alisema, na hakuongeza neno. Bomba alipokea. Katika miaka yote ya ndoa hajawahi kupewa kitu na mama yule zaidi ya maagizo.

Kijiwe kikalipuka.

"Nilisema mimi!" Tani Kumi alipaza sauti. "Siku ileile nilisema inzi ashambuliwe kwenye chakula chake! Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Fulana ni ya nani?" Wakili aliuliza. "Kwa mujibu wa ushahidi, nusu ya ushindi ni mali yangu. Na nusu ya macho yangu yamebaki chupani."

"Na redio?" alisema Mawimbi. "Bila banda langu mngesikia wapi? Nilimtoa hadi buibui wangu!"

"Tuseme ukweli," Tani Kumi alihitimisha, kifua mbele, "Bomba kaosha osha majani, sawa. Lakini shamba limeokolewa na kijiwe hiki. Hapa ndipo penye wataalamu."

Mama Mkwe aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Akatabasamu, jambo ambalo Bomba alijua si dalili njema.

"Mmenifurahisha sana, wanangu," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi. Yale matuta ya chini karibu na mto bado hayajaoshwa, ni mengi, na mkwe wangu amechoka. Lakini kwa kuwa nyinyi ndio wataalamu wenyewe, ndoo ninazo. Twendeni sasa hivi."

Wakili akakumbuka kuna mteja amemwacha na nusu ya ndevu. Mawimbi akatangaza kwamba mwenye redio anaisubiri kwake, akaichomoa ikiwa bado inaimba, akaondoka nayo kifuani, akaacha banda wazi. Tani Kumi alidai amesikia lori linapiga honi. Hakuna mwingine aliyeisikia, lakini alikimbia kuelekea upande huo na, kwa jinsi alivyo mwepesi, kona ya barabara ilimmeza mara moja. Hata Dada Buli alibeba birika likiwa la moto, akasema ameitwa, hakusema na nani.

Benchi likabaki tupu, na vumbi likielea juu yake taratibu.

Mama Mkwe akaketi, akanyoosha miguu, akamwashiria mkwe wake akae pembeni yake. Akachukua nyanya moja kutoka kwenye bakuli alilomzawadia, akaipangusa kwenye kanga, akaing'ata.

"Unaona, mkwe wangu," alisema akitafuna, macho kwenye ile kona. "Bado wapo wanaosikia dawa."

Na Bomba, mbele ya mama mkwe wake, akacheka mpaka akadondosha bakuli.